DAMU YA NDUGU YAKO IKIHAMIA KWAKO, NANI ANAIONYESHA NJIA?

Mpenzi msomaji, wiki hii naanza na kioja. Mtu kazaliwa na damu ya kundi O. Kasoma nayo, kaoa nayo, kadi ya kliniki imeandikwa O. Siku moja anapimwa tena, damu ni A! Siyo kwamba wa maabara wamechemsha, wala hakuna mkono wa mtu. Ile ni damu ya ndugu yake, lakini inatengenezwa ndani ya mifupa yake mwenyewe, na ikienda vizuri itaendelea kutengenezwa humo mpaka siku ya mwisho ya maisha yake.

Ngoja, kuna kubwa kuliko hilo. Kama aliyempa ni dada yake, basi jamaa huyu mwenye ndevu na sauti nzito, ukichukua damu yake ukaipima vinasaba, itakuambia ni ya mwanamke.

Kwa taarifa yako hii siyo filamu. Ndiyo hali ya watu wengi duniani waliopandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu, selimundu na maradhi mengine ya damu. Na katika habari yote hiyo, kilichonifanya nishike kalamu ni kimoja tu. Daktari anayefanya kazi hii hazipeleki hizo seli ndani ya mfupa. Anazimwaga kwenye mshipa tu, kama dripu ya kawaida. Mengine yote zinajijua zenyewe.

KIWANDA KILICHOJIFICHA

Uloto unaujua, usijifanye huujui. Ule mlaini ulio ndani ya mfupa, ambao wakati wa supu ya asubuhi unaugonga mfupa kwenye sahani mpaka utoke, halafu unajilamba vidole. Sasa na wewe unao, na ndiyo kiwanda chako cha damu. Kwa mtu mzima kiwanda hicho kipo hasa kwenye mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari.

Kazi yake siyo ya mchezo. Kila sekunde inayopita, uloto wako unatoa seli nyekundu kama milioni 2. Soma sentensi hii taratibu, ukimaliza zimeshatoka zaidi ya milioni 10. Hakuna kulala, hakuna sikukuu, maana seli nyekundu moja inaishi siku kama 120 tu, halafu inakwisha na nyingine inachukua nafasi yake. Hapo sijataja seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, wala chembe sahani zinazoziba damu ukijikata na wembe.

Sasa hao wafanyakazi wote wana chimbuko moja. Wataalamu wanaziita seli shina. Mimi kwenye safu hii nitaziita seli mama, maana kazi yao ni kuzaa. Seli mama ina uwezo wa namna mbili. Kwanza inaweza kuzaa seli mama nyingine kama yenyewe. Pili inaweza kuzaa watoto wa kila fani: nyekundu, nyeupe na sahani. Ni chache sana ndani ya uloto, na nyingi muda mwingi zimetulia tu kama bibi kwenye mkeka. Lakini zikifa hizo, kiwanda kizima kinafungwa.

PANYA WA TORONTO

Wanasayansi walilijua hilo kwa njia ya uchungu. Mwaka 1945 Marekani iliangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki kule Japani. Wapo waliosalimika siku ile bila kidonda kikubwa, halafu wiki kadhaa baadaye wakaanza kutoka damu na kushambuliwa na kila ugonjwa. Mionzi ilikuwa imeua uloto wao. Basi maabara nyingi zikaanza kutafuta: mtu aliyeharibikiwa uloto unamwokoaje?

Jibu moja kubwa lilitoka Toronto, Canada. Walikuwepo mabwana wawili, James Till, mtaalamu wa fizikia, na Ernest McCulloch, daktari. Walichukua panya, wakawapiga mionzi mpaka uloto ukafa, halafu wakawadunga kwenye mshipa uloto wa panya wazima. Siku kama 10 baadaye walipofungua matumbo, kwenye wengu wa panya wale walikuta vinundu. Wangeweza kusema ni uvimbe tu, wakatupa. Wao wakakaa wakahesabu.

Hesabu ikawaonyesha jambo. Ukiongeza seli za kudunga, vinundu vinaongezeka kwa kiasi kile kile. Ndani ya kinundu kimoja mlikuwa na seli za damu za aina mbalimbali. Hiyo waliitangaza mwaka 1961. Mwaka 1963, wakiwa na mwenzao Andrew Becker, wakathibitisha kwamba kinundu kizima ni ukoo uliozaliwa na seli moja tu. Moja! Imesafiri kwenye damu, imepata mahali, imekaa, imezaa kijiji.

WATU SITA WA MWANZO

Kwa binadamu mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 1957 daktari wa Kimarekani, E. Donnall Thomas, alitangaza kwamba amewapa wagonjwa 6 uloto wa watu wengine kwa njia ya mshipa. Wote walifariki kabla ya siku 100 kutimia. Madaktari wengi wakaona hii kazi haina maana, wakaacha.

Thomas hakuacha. Alirudi maabara akafanya kazi na mbwa kwa miaka, akajifunza kwamba tatizo kubwa ni ulinganifu. Huko Ufaransa, Jean Dausset alikuwa ameanza mwaka 1958 kufichua alama zinazokaa juu ya seli zetu, zile ambazo kinga ya mwili inazitumia kujua huyu wa kwetu na huyu mvamizi. Alama hizo zinaitwa HLA. Zisipofanana, ni vita. Thomas akaanza upya kwa watu akitumia ndugu waliofanana alama, na safari hii wapo waliopona. Mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Kutoka watu 6 waliokufa mpaka Nobel, miaka 33. Wewe ukikosa kazi miezi mitatu unataka kurudi kijijini!

SAFARI YENYEWE

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe. Kwanza mgonjwa anapewa dawa kali, wakati mwingine na mionzi, kwa siku kadhaa. Lengo ni kuua uloto wa zamani wenye ugonjwa, au kuupunguza, na kuilegeza kinga isije ikawafukuza wageni. Madaktari wanazihesabu siku hizo kwa kurudi nyuma: kasoro saba, kasoro sita, mpaka siku sifuri.

Siku sifuri ukiwa mtu wa kupenda vituko utasikitika. Hakuna kisu, hakuna chumba cha upasuaji. Unaletwa mfuko unaofanana na wa damu, unatundikwa, unaingia kwenye mshipa mkubwa wa kifuani. Saa chache, imekwisha.

Kutoka mshipani seli zinapita kwenye moyo, kisha mapafu, kisha zinazungushwa mwili mzima. Nyingi zinanasa njiani, kwenye mapafu, ini na wengu. Zile zenye bahati zinafika kwenye mishipa myembamba iliyo ndani ya mfupa, na hapo ndipo zinaposhuka.

Zinajuaje kituo? Umewahi kupita mtaa usioujua usiku, ukasikia harufu ya mishikaki, miguu ikageuka yenyewe? Ni mambo hayo hayo. Ndani ya uloto kuna seli wenyeji ambazo kazi yao ni kulea, na zinatoa kemikali inayoitwa CXCL12. Juu ya ngozi ya seli mama kuna pua ya kuinusa, jina lake CXCR4. Harufu ikiwa kali, seli mama inajua hapa ndipo nyumbani. Na kwenye panya imeonekana kwamba uloto ukishapigwa dawa au mionzi, harufu hiyo inaongezeka, kama vile nyumba iliyobaki tupu inaita watu.

Kushuka kwenyewe ni usanii. Damu inakwenda kasi, huwezi kusimama ghafla. Mtazame konda wa daladala anavyoshuka gari halijasimama: anashika mlango, mguu unagusa lami, anakimbia hatua mbili tatu pembeni ya gari, ndipo anaachia. Seli mama nayo inaanza kwa kushikashika ukuta wa mshipa, inabingirika polepole, harufu inazidi, inang'ang'ania kwa nguvu, kisha inajipenyeza katikati ya seli za ukuta na kutokea upande wa pili, ndani ya uloto. Safari hii haichukui wiki. Ni suala la saa chache, mpaka siku moja au mbili.

SIKU ZA NJAA

Kufika siyo kupona, ndugu yangu. Hapa ndipo wengi wasiojua wanapodanganyika. Kiwanda cha zamani kimeshafungwa, cha kwako kipya kina mama wachache tu ambao ndiyo kwanza wanatandika mkeka. Seli nyeupe zinashuka karibu na sifuri. Mgonjwa anakaa chumba cha peke yake, anayeingia ananawa mikono na kuvaa barakoa, midomo ina vidonda, chakula hakipiti. Homa ambayo kwako ni ya kumeza vidonge viwili ukalala, kwake ni ya kukimbiza madaktari usiku. Damu na chembe sahani anaongezewa za watu wengine, ili asifike pabaya wakati anasubiri.

Wakati huo seli mama zimeanza kazi. Moja inakuwa mbili, mbili nne. Baadhi ya watoto wanabaki kuwa mama, wengine wanapelekwa kwenye fani. Kila siku wauguzi wanachukua damu na kuhesabu. Wanachosubiri kwa hamu ni seli nyeupe za aina ya neutrofili zifike 500 kwa mikrolita moja ya damu, na zikae hapo siku 3 mfululizo. Kwa kawaida inachukua wiki 2 mpaka 4. Siku hiyo ikifika, wanasema uloto umeshika. Kama mche wa mgomba uliohamishwa: umeuona umenywea siku zote hizo, asubuhi moja unatoka jani.

Hata hapo bado. Kinga kamili inaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili kurudi, na mgonjwa huchanjwa upya zile chanjo za utotoni, maana askari wa zamani waliozikumbuka wameshaondoka. Na kuna jambo la kuogopa zaidi: katika mfuko ule huja pia askari wa ndugu aliyetoa. Wakiona mwili wa mwenyeji ni mgeni kwao, wanaushambulia, ngozi, ini na utumbo. Mgeni anampiga mwenye nyumba! Ndiyo maana ulinganifu wa HLA unapimwa sana, na dawa za kuwatuliza hutolewa kwa miezi.

DAWA ILIYOGEUZIWA KAZI

Kama seli mama zinashikwa uloto kwa harufu, je, ukiziziba pua? Hili liligunduliwa karibu kwa bahati. Ile CXCR4 ni mmoja wa milango ambayo virusi vya UKIMWI huitumia kuingia kwenye seli. Watafiti wakatengeneza dawa ya kuuziba. Kwenye UKIMWI haikufika mbali, lakini waliopewa walionekana seli nyeupe zikipanda kwenye damu. Kumbe seli za uloto zilikuwa zimepoteza harufu ya nyumbani, zikatoka barabarani. Mwaka 2008 dawa hiyo, plerixafor, iliidhinishwa Marekani kwa kusaidia kukusanya seli mama za wagonjwa wanaorudishiwa za kwao wenyewe.

Najua mtaniuliza kuhusu yule "mgonjwa wa Berlin". Naam, Timothy Ray Brown, Mmarekani, alikuwa na virusi vya UKIMWI na saratani ya damu. Mwaka 2007 alipandikizwa Berlin seli za mtu ambaye kwa kuzaliwa hakuwa na mlango mwingine ambao virusi hupenda, CCR5. Virusi havikuonekana tena. Alifariki Septemba 2020 kwa ile saratani iliyorudi, siyo UKIMWI. Lakini kwa hatari nilizoeleza hapo juu, hii haiwezi kuwa tiba ya mtu ambaye vidonge vyake vinamtosha. Meza dawa zako.

KIJIWENI HAWAKUELEWANA

Nilipoileta mada hii kijiweni kwetu, fundi viatu alidakia: "Mdogo wangu, ukishatolewa uloto ndiyo basi tena. Mgongo umekwisha, ndoa inakushinda." Vijana wakacheka, lakini niliona wengi wanaamini.

"Hapana, kaka," nikamwambia, "hawakombi mfupa kama wa supu."

Ukweli ni huu. Mtoaji ana njia mbili. Ya kwanza, analazwa usingizi kwa dawa, uloto unavutwa kwa sindano kutoka nyuma ya mfupa wa nyonga. Akiamka panauma siku kadhaa. Ya pili, anadungwa dawa kwa siku 4 au 5 ili seli mama zitoke kwenye damu, kisha anakaa kwenye mashine, damu inatoka mkono mmoja, mashine inachuja seli, damu inarudi. Zile sindano huleta maumivu ya mifupa kama ya mafua makali, kisha yanapoa. Katika njia zote mbili, seli mama zilizobaki zinajaza pengo ndani ya wiki chache. Nguvu za kiume hazikai kwenye uloto, mzee.

Mama anayetuuzia chapati alikuwa kimya muda wote. Mwanawe wa kwanza ana selimundu, tunamjua sote, kuna wiki hatoki ndani kwa maumivu ya mifupa. Akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mdogo wake akipimwa, anaweza kumpa?"

"Anaweza, mama, wakifanana."

Hesabu yake ni hii. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi 1 katika 4 ya kufanana kabisa na mwenzake. Ukiwa na ndugu mmoja, robo. Ukiwa na watatu, nafasi ya kumpata angalau mmoja inavuka nusu. Ndiyo maana hospitali inaanza kuuliza ndugu kabla ya kuuliza fedha.

Kwa selimundu kuna habari nzuri zaidi. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walitangaza habari za mtoto wa kike aliyekuwa na selimundu na saratani ya damu kwa pamoja. Walimpandikiza kwa ajili ya saratani, selimundu nayo ikaondoka! Tena siyo lazima kiwanda chote kiwe cha mtoaji. Seli nyekundu ya selimundu inaishi siku 10 hadi 20 tu, nzima inaishi 120. Kwa hiyo hata seli mama za mtoaji zikishika sehemu moja ya tano tu ya uloto, mara nyingi seli nzima ndizo zinazojaa kwenye mishipa, kwa sababu zinadumu. Hata ndugu mwenye kubeba tu kinasaba cha ugonjwa, ambaye haumwi, anaweza kuwa mtoaji.

Na siyo lazima kila mtu apande ndege. Tanzania, ambako inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, upandikizaji kwa watoto wenye ugonjwa huo ulianza mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Sikumficha yule mama mabaya yake. Dawa za kusafisha uloto zinaweza kumharibia mtoto uzazi wa baadaye. Wengine uloto haushiki. Wengine wanakufa. Siyo kila mtoto anafaa, na wapo wengi wanaosaidiwa na vidonge vya haidroksiyurea na kliniki bila kufika huko. Hayo atayaamua na daktari, siyo na mimi wala fundi viatu.

Lakini kuna jambo moja ambalo daktari, na elimu yake yote, hawezi kulitengeneza. Seli mama zinaijua njia, hazihitaji kuelekezwa. Harufu ipo, mkeka upo, na kuzaa zinajua. Anayekosekana ni wa kuzitoa. Sasa wewe kijana wa mjini, siku kaka yako au dada yako akiambiwa atafutiwe ndugu wa kufanana naye, usizime simu. Mwanzo ni kupimwa tu, wakati mwingine kwa usufi unaopitishwa ndani ya shavu. Kidogo hivyo.

Ni hayo kwa leo. Mwenye swali aandike, na mwenye hofu ya mgongo namkaribisha kijiweni tubishane. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.